Mtani wa Wodi ya Wakubwa

Hapo zamani, zamani ya karibu tu, ambayo waliokuwapo bado wanakutana sokoni na kila mmoja hujifanya anachagua nyanya, palikuwa na hospitali katika mji mmoja wa pamba, kusini mwa ziwa. Hospitali hiyo ilikuwa na wodi mbili za wagonjwa wa selimundu, ule ugonjwa wa damu ambao mtoto huzaliwa nao na ambao maumivu yake huja bila kupiga hodi. Wodi ya Watoto ilikuwa upande wa mashariki. Wodi ya Wakubwa ilikuwa upande wa magharibi. Katikati palikuwa na uwanja wa hatua sitini.

Mtoto akitimiza miaka kumi na minane, faili lake lilibebwa kutoka mashariki kwenda magharibi, naye akalifuata. Wenyewe waliita kuvuka.

Hatua sitini si safari. Lakini katika miaka mitano walivuka vijana kumi na mmoja. Wanne walizoea. Wanne waliacha kuja, wakasema bora waumwe nyumbani. Watatu walizikwa.

Kwa nini? Nitawaambia. Upande wa mashariki mtoto akisema, "Naumwa," aliulizwa, "Wapi?" Upande wa magharibi kijana akisema, "Naumwa," aliulizwa, "Tangu lini umezoea mofini?" Mofini ni dawa kali ya maumivu. Ilikaa kwenye kabati lenye kufuli mbili, na haikutoka bila sahihi ya daktari. Mgonjwa wa selimundu hana jeraha la kuonyesha, hana bandeji, hana damu shatini. Ana neno lake tu. Na kijana anayejua jina la dawa anayoitaka, na kiasi chake, aliwafanya wauguzi watazamane.

Basi mganga mfawidhi wa hospitali, Daktari Bwire, akasema, "Miaka yote tumepanga uvukaji huu sisi wenyewe, na tumewazika. Safari hii waulizwe wanaovuka."

Akawaita vijana watatu.

Wa kwanza aliitwa Jilala, miaka ishirini. Alikuwa amevuka miaka miwili nyuma. Ndani ya faili lake palikuwa na neno moja kwa wino mwekundu: *anajifanya*. Aliyeliandika ni Sista Mwanaidi Pazi, muuguzi kiongozi wa Wodi ya Wakubwa. Jilala aliujua mwandiko ule. Sista alijua kwamba anaujua.

Wa pili aliitwa Salu. Alikuwa bado Wodi ya Watoto, amebakiza miezi miwili avuke. Ulimi wake ulikuwa mwepesi, na miguu yake ilikuwa myepesi kuliko ulimi.

Wa tatu aliitwa Nkwimba. Huyu alikuwa amebakiza siku kumi na tisa tu, kwa hiyo ndiye ambaye angevuka kwanza kwa mpango mpya. Mpango ukiwa mzuri, ungemfaa yeye. Ukiwa mbaya, ungemuua yeye. Kila mtu alilijua hilo, na Nkwimba alilijua kuliko wote.

Walipoingia chumba cha mikutano walimkuta Daktari na wauguzi wake, Sista Mwanaidi akiwamo, soda mezani na mpiga picha kwenye kona.

"Karibuni, wanangu," akasema Daktari Bwire. "Tunataka mawazo yenu."

Salu akamtazama mpiga picha. "Mawazo yetu au sura zetu, Daktari?"

"Vyote viwili."

"Basi tuanze na mawazo. Sura hata kesho zitakuwepo."

Mpiga picha akatolewa nje. Nkwimba alikuwa hajagusa soda. Akauliza, "Nani ametuma tuitwe? Nani atasoma tutakayosema? Na mambo yakiharibika, nani atalaumiwa?"

"Nimetuma mimi, nitasoma mimi, nitalaumiwa mimi," akajibu Daktari.

Nkwimba akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa kwamba mbwa huyu haumi.

Akaanza Jilala. Hakumtazama Daktari; alimtazama Sista Mwanaidi.

"Sista, wewe ni Mzaramo. Mimi ni Msukuma. Sisi ni watani tangu enzi za mababu. Siku ile nilipofika mlangoni kwako ungeweza kuniuliza kama nimekuletea michembe, vile viazi vikavu vya kwetu. Ukaniuliza nani amenifundisha jina la mofini. Mtani wangu wa asili aliniuliza swali la kituo cha polisi."

"Ningekutaniaje?" akasema Sista. "Ulikuwa umekunja sura kama fundi aliyeibiwa spana."

Salu akacheka. Jilala hakucheka, lakini aliendelea kwa sauti ya chini kidogo.

"Ndiyo hiyo ninayoisema. Mtu akikutania amekubali kwamba wewe ni mtu. Wekeni mtani mlangoni. Kijana akivuka akutane na utani kwanza, maswali baadaye. Tena utani utawasaidia nyinyi mnaotushuku. Mimi nikiumwa kawaida, ukinitania nitakujibu. Nikizidiwa, hata uwatukane ng'ombe wa babu yangu, sina jibu. Mgonjwa aliyezidiwa hajibu utani."

Daktari akaandika. *Mgonjwa aliyezidiwa hajibu utani.* Akaipigia mstari. Wauguzi wakatazamana, wakaona ni jambo jepesi, halihitaji mashine wala betri, na limetoka kinywani mwa mgonjwa mwenyewe. Wakalipenda.

Sasa sikilizeni. Jilala aliposema maneno yale alimtazama Nkwimba. Nkwimba akamtazama. Jilala akainamisha macho.

Walikuwa wamelala vitanda jirani kwa miaka minne. Jilala alikijua kitu ambacho wauguzi hawakukijua: Nkwimba akizidiwa ndipo anapotania. Alipokuwa na miaka tisa maumivu yalimshika akanyamaza kimya kabisa, na mama yake akadhani amekufa, akaanguka sakafuni akilia kilio cha msiba. Tangu siku hiyo Nkwimba aliapa kwamba mama yake hatamsikia akinyamaza tena. Kadiri alivyoumia ndivyo alivyochekesha. Na alimwapisha Jilala asimwambie mtu. "Wakijua," alimwambia, "kila nikicheka watanichoma sindano. Sitabaki hata na kicheko kimoja cha kwangu."

Kwa hiyo Jilala alinyamaza. Wengine wanasema alinyamaza kwa sababu ya kiapo. Wengine wanasema alinyamaza kwa sababu wazo lake lilikuwa limepigiwa mstari, na hakutaka kulitoboa mwenyewe.

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya Salu. Salu alileta karatasi tupu.

"Hii ndiyo yangu," akasema.

"Haina kitu," akasema Daktari.

"Ndiyo maana. Jilala amesema mwili wake unavyofanya. Mimi wangu haufanyi hivyo, mimi nikizidiwa nakuwa mkali, natukana hata anayeniletea maji. Kila anayevuka apewe ukurasa mtupu aandike kwa mkono wake: nikizidiwa mtaniona hivi. Ukurasa huo ukae juu kabisa ya faili."

Lilikuwa wazo zuri. Lakini hospitali ile ilikuwa na desturi yake: karatasi isiyo na mistari na visanduku haikuingia kwenye faili. Katibu muhtasi akaichukua karatasi tupu ya Salu na kuirudisha ikiwa fomu. Juu kabisa pameandikwa, *Nikizidiwa:* na chini yake visanduku vitano vya kutia tiki. Kisanduku cha kwanza kilisema, *Sijibu utani.* Cha mwisho kilisema, *Mengineyo,* kikiwa na nafasi ya upana wa kidole.

Salu akaitazama. Kwanza alikasirika. Kisha Daktari akamwambia kwamba saa sita anaondoka kwenda kikao cha mkoa, na kwamba fomu ikiwa imejazwa na kijana mmoja wa mfano, itapitishwa siku hiyo hiyo.

Salu akamkimbilia Nkwimba. Nkwimba akaishika kalamu, asiandike.

"Nani atasoma?" akauliza.

"Wauguzi. Dada, harakisha."

"Wote? Hata wale wa wino mwekundu?"

"Nkwimba, gari la Daktari linawaka. Weka tiki kwenye kisanduku cha kwanza, kama Jilala. Ukishavuka tutarekebisha."

Nkwimba akaweka tiki. *Sijibu utani.* Fomu ikaenda mkoani, ikapitishwa, na haikurekebishwa.

Kikao cha tatu alizungumza Sista Mwanaidi. Alikuwa na miaka ishirini na miwili katika wodi ile. Alisimama, mikono mfukoni mwa sare yake.

"Nimesikia. Nitakuwa mtani wa mlangoni. Miaka miwili iliyopita niliandika neno kwa wino mwekundu. Sitasema nilikosea, maana sijui, na nyinyi pia hamjui. Lakini mnalia kwamba siwaamini. Haya. Karatasi yenu nitaifuata kama ilivyo."

Jilala akamnong'oneza Salu, "Anayekubali haraka hivi ana jambo."

"Au amechoka kugombana," akasema Salu.

"Yote ni jambo."

Nkwimba akavuka. Siku ya kwanza Sista alimpokea kwa utani, akajibu, wakacheka, akapimwa, akarudi nyumbani. Siku ya pili vivyo hivyo. Watu wakaanza kusema mpango unafanya kazi.

Ikaja Jumanne ya wiki ya tatu, saa nne asubuhi.

Nkwimba alifika kwa miguu, mama yake ameshika mfuko wa nguo. Sista alikuwa mlangoni.

"Mtani wangu! Michembe iko wapi? Au leo umenihamishia ng'ombe wodini?"

"Ng'ombe nimewaacha getini, Sista. Mlinzi amewakatalia. Amesema humu ndani tayari yumo Mzaramo mmoja, na ngoma yake haijaisha."

Sista akacheka sana. Na katikati ya kucheka akaona jasho juu ya mdomo wa Nkwimba, asubuhi ya baridi. Akaona mkono wa kushoto umebana mbavu. Macho ya miaka ishirini na miwili yalimwambia neno. Akafungua faili. Karatasi ikamwambia neno lingine. *Nikizidiwa: sijibu utani.* Huyu amejibu. Tena amejibu vizuri.

Akampa panadol mbili na maji, akamkalisha kwenye benchi, nyuma ya watu tisa.

Dakika kumi na tano zikapita. Sista akapita na sinia. "Msukuma, bado upo? Nilidhani umeshaota mizizi kama kiazi."

"Kiazi kinaota kikipata mtu wa kulima. Hapa kwenu... nani analima?"

Watu wa benchi wakacheka. Mama yake Nkwimba naye akacheka, akamshukuru Mungu kimoyomoyo.

Dakika ishirini zikapita. Sista akapita tena. "Mtani, mbona umejikunja? Unalinda michembe?"

"Kuna wezi. Wazaramo."

Benchi likacheka. Sista akaenda zake.

Kwenye ncha ya pili ya benchi lile lile alikuwa amekaa mtu aliyekuja kliniki siku hiyo. Alisikia utani wa kwanza, akasikia wa pili, akasikia wa tatu. Alikuwa Jilala. Aliitazama sakafu.

Wakati huo Salu alikuwa ametoroka Wodi ya Watoto. Alivuka uwanja, akapita nyuma ya mlinzi, akasimama mlangoni mwa Wodi ya Wakubwa. Akamwona Nkwimba anatabasamu. Akaona kwamba kati ya neno na neno anavuta hewa mara tatu, mabega yakipanda juu. Akaona midomo yake imekuwa rangi ya majivu.

"Sista! Huyu anakufa!"

Watu wote wakageuka.

"Wewe si wa wodi hii," akasema Sista. "Na mwenzako amenijibu utani mara tatu. Karatasi yenu wenyewe inasema..."

"Karatasi yenyewe ndiyo hii?" Salu akalichomoa lile faili mezani, akatoa fomu, akaichana mara mbili. "Sasa haisemi kitu. Mtazame mtu!"

Mlinzi akamkamata mikono yote miwili. Ndipo Jilala akasimama.

"Salu anasema kweli. Nkwimba akizidiwa ndipo anapotania. Yuko hivyo tangu utotoni."

"Ulijua?" akauliza Sista.

"Nilijua."

Sista hakuuliza la pili. Akambandika Nkwimba kile kipimo cha kidoleni kinachopima hewa ya damu, akasoma themanini na moja, chini mno, akamkimbiza kwenye hewa ya mtungi. Daktari alikuwa chumba cha upasuaji na hakukuwa na mwingine wa kutia sahihi. Sista akafungua kufuli ya kwanza. Akafungua kufuli ya pili. Akampa Nkwimba mofini bila sahihi, mbele ya watu, kisha akatuma mtu akamwite Daktari.

Daktari Bwire alifika akiwa bado na aproni ya upasuaji. Ugonjwa ulikuwa umeshuka kifuani. Akafanya ya kwake: dawa, damu ya kuongeza, usimamizi wa karibu. Alipotoka alisema jambo moja tu: "Mngechelewa nusu saa, mngeniita kuandika cheti."

Nkwimba alilala siku kumi na mbili. Siku ya kumi na tatu alitembea mwenyewe hadi getini.

Hapo ndipo hadithi yenyewe inaanza, maana mpaka hapa ni habari tu.

Baraza la hospitali lilikaa, likaamua mambo mawili. Kwanza, mpango usifutwe, bali urekebishwe na mtu mmoja anayejua. Pili, mtu huyo apewe kiti mlangoni mwa Wodi ya Wakubwa na aitwe mpokeaji. Yeye ndiye atakayempokea kila anayevuka, yeye ndiye atakayeandika upya ukurasa, na neno lake kuhusu maumivu ya kijana litakuwa na uzito sawa na la daktari wa zamu. Kiti kimoja. Kijana hatashukiwa tena mlangoni ila mpokeaji amshuku.

Walijitokeza watatu.

Akasimama Jilala. "Kiti ni changu. Wazo la mtani nililitoa mimi. Kabla yangu mlango ule ulikuwa kituo cha polisi. Mimi nimeitwa mwongo kwa wino mwekundu, kwa hiyo najua ladha yake, na sitampa mtu. Na nilipovunja kiapo, nilivunja kilicho kigumu kwangu. Salu alipiga kelele, lakini ni neno langu lililomfanya Sista aondoke mahali aliposimama."

Salu akamuuliza, "Ulikaa kwenye benchi lile dakika ngapi?"

"Arobaini."

"Utani ulisikia mara ngapi?"

"Mara tatu."

Sista akamuuliza, "Kiapo chako kiliisha lini? Alipoanza kufa, au Salu alipoanza kupiga kelele?"

Jilala akakaa chini.

Akasimama Salu. "Kiti ni changu. Mimi nilileta karatasi tupu, nyinyi mkaijaza visanduku. Ingebaki tupu, hili lisingetokea. Jilala alijua akanyamaza, Sista aliona akapita. Mimi sikujua kitu, lakini nilitazama. Tena navuka Ijumaa hii. Mkimpa Jilala, nitapokewa na mtu ambaye akijua hasemi. Mkimpa Sista, nitapokewa na mwandiko mwekundu. Mnataka nivuke kwenda kwa nani?"

Jilala akamuuliza, "Jumanne ile uliingia wodini kumtazama Nkwimba, au kutazama kama karatasi yako inatumika?"

"Karatasi," akasema Salu. "Nilikuja kutazama karatasi. Nikamwona mtu."

Sista akamuuliza, "Na nani alimwambia aweke tiki?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Gari lilikuwa linawaka."

Akasimama Sista Mwanaidi. Hakuweka mikono mfukoni.

"Miaka yote mlilia kwamba siwaamini. Nikawaamini. Jasho niliona. Mkono kwenye mbavu niliona. Ningekuwa yule Mwanaidi wa zamani ningeyaamini macho yangu, na msichana angepata hewa dakika arobaini mapema. Lakini niliahidi kufuata karatasi yenu kama ilivyo, nikaifuata. Kosa langu ni hilo: nilitimiza ahadi. Na ilipochanwa nilifungua kufuli mbili bila sahihi. Barua ya onyo iko mezani kwa Daktari, na huenda ikafuatwa na ya kufukuzwa. Hawa wawili walisema. Mimi nilitenda. Anayepokea watu awe anayeweza kutenda."

Jilala akamuuliza, "Ulifungua kwa ajili ya Nkwimba, au kwa sababu wodi nzima ilikuwa inakutazama?"

"Sijui," akasema Sista. "Nilipoanza kufikiri, mikono ilikuwa imeshafungua."

Salu akamuuliza, "Sista, uliifuata karatasi yetu kama ilivyo kwa sababu ulituamini, au ili siku ikikosea uweze kusema ni yetu?"

"Swali hilo," akasema Sista, "nimejiuliza siku kumi na mbili. Ukinipa jibu nitalichukua."

Baraza likashindwa kuamua. Daktari Bwire, ambaye tangu Jumanne ile alikuwa hamtazami mtu usoni, akamgeukia Nkwimba. "Chagua wewe. Ni wewe utakayeingia mlango ule mpaka uzeeni."

Nkwimba alikuwa amekonda, na kanga ya mama yake ilikuwa mabegani kwake.

"Mimi pia nilidanganya," akasema. "Nilitia tiki mahali ambapo si pangu. Nilisema moyoni, nikiandika ukweli watasema huyu amepata njia ya kuomba mofini hata akiwa anacheka. Nilimficha Salu, nikamfunga Jilala kwa kiapo, nikamchekesha Sista. Ningekuwa nimekufa, mngesema nimeuawa na nani? Sichagui. Lakini nitawaambia ninachokijua. Jilala ananijua. Salu atanipigia kelele. Sista ana funguo. Ningepata mtu mmoja mwenye hayo matatu, nisingekuja hapa kuwasumbua."

"Chagua hata hivyo," akasema Daktari.

"Daktari, ulisema utakayelaumiwa ni wewe. Mbona leo unanipa mimi kalamu?"

Hapo mama yake Nkwimba, ambaye hakuna aliyemwita wala kumuuliza kitu tangu mpango ulipoanza, akasimama nyuma ya chumba.

"Mnagombana nani alijua na nani aliona," akasema. "Mimi nilikuwa nimekaa naye bega kwa bega. Nilimzaa. Na nilicheka."

Baraza likaahirishwa. Ilikuwa Jumatano.

Wanasema alasiri ile fundi wa hospitali aliufuata uamuzi wa baraza kama ulivyoandikwa: alileta kiti cha mbao, akakiweka mlangoni mwa Wodi ya Wakubwa, akaenda zake. Alhamisi nzima watu walipita wakikizunguka. Jilala alikipita. Sista alikipita mara nyingi, na kila mara alisogea pembeni. Upande wa mashariki Salu alikuwa anakunja nguo zake, na faili lake lilikuwa limeshafungwa kamba, tayari kubebwa hatua sitini.

Nyinyi mnaonisikiliza sikuwaficha kitu. Kila mmoja mmemsikia akijitetea, na kila mmoja mmemsikia akiulizwa swali ambalo hakuweza kulijibu vizuri. Yupo aliyejua akachelewa kusema. Yupo aliyetazama, lakini alikuja kwa ajili ya karatasi. Yupo aliyetenda, baada ya kutania mara tatu. Baraza limeshindwa, mgonjwa amekataa, mama amesema la kwake.

Kesho ni Ijumaa na Salu anavuka. Je, nani alistahili kukaa kwenye kiti kile?